Jeni, polima na geti la ubongo: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimechoka kujibu haya mambo moja moja kwa voisi noti, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Mimi ni mtu wa maabara upande wa polima, sio daktari wa neva, ukiniuliza dozi ya mgonjwa wako nitakurudisha hospitali tu. Maswali nimeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza, mengine yamekaa kiutani lakini ndo mazuri zaidi.

Kwa ufupi mnafanya nini hasa?

Tunachukua jeni, yaani kipande cha DNA au RNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani au ya kuizima, tunakifunga ndani ya polima, halafu tunataka ukikichoma kwenye mshipa wa mkono kama drip ya kawaida kisafiri na damu mpaka kiingie kwenye seli za ubongo na kufanya kazi. Polima ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyojirudia, ndoo ya plastiki ni polima na wanga wa ugali nao ni polima, jina lisikutishe. Ukisikia hivyo unaona kama kazi ya wiki mbili, ila kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, mimi nakiita geti, na watu wapo kwenye hili tangu miaka ya 1990 na bado hawajamaliza.

Hicho kizuizi cha damu na ubongo kiko wapi? Ni ngozi inayozunguka ubongo?

Hapana, na hili karibu kila mtu analikosea, hata mimi nilikuwa nachora mstari mnene kuzunguka ubongo kama ganda la yai. Kizuizi ni ukuta wa mishipa yenyewe ya damu. Ile mishipa midogo kabisa, kapilari, ya kichwani mwa mtu mmoja ukiiunganisha yote inakadiriwa kufika kilometa 600 hivi, basi la Dar kwenda Arusha linatembea karibu hapo hapo, na katika urefu wote huo seli za ukutani zimebanana kiasi kwamba hakuna kitu kinachopenya katikati yao. Sehemu nyingine za mwili kapilari zina nyufa au vitundu, ini ndo kabisa liko wazi kama uwanja wa mnada.

Historia yake inaanza na rangi. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, Mjerumani, alichoma wanyama rangi kwenye damu akaona viungo vyote vimechafuka isipokuwa ubongo, yeye akadhani ubongo haupendi rangi tu. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann mwaka 1913 akafanya kinyume, akaweka rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo, ubongo ukawa wa bluu na mwili ukabaki msafi, kumbe ubongo hauna shida na rangi, kuna kitu kati kinazuia. Ikabidi kusubiri mpaka 1967, Reese na Karnovsky walipotumia darubini ya elektroni, ndo ikaonekana wazi kwamba kinachozuia ni hizo seli za ukuta wa kapilari zilizoshonwa pamoja. Mishono hiyo kumbuka, tutairudia. Na juu ya mishono kuna pampu, dawa ikijipenyeza ndani ya seli ya ukuta pampu zinaitema irudi kwenye damu. Yaani geti lina ukuta, lina mlinzi, na mlinzi ana kirungu.

Sasa mbona pombe inaingia bila hodi?

Kwa sababu ni molekuli ndogo sana na inapita kwenye mafuta ya seli bila shida. Kanuni ya mkononi ni kwamba kitu kikiwa chini ya dalton 400 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) na kinapenda mafuta, kina nafasi. Vingine vinapita kwa sababu ubongo wenyewe unavihitaji, una milango maalum ya sukari, ya amino asidi, ya madini chuma. Mfano mzuri ni Parkinson, mgonjwa anakosa dopamini lakini ukimpa dopamini haivuki, ukimpa levodopa inavuka kwa sababu inafanana na amino asidi na inapitia mlango wa amino asidi, ikifika ndani ndo inageuzwa dopamini. Ujanja wa kazi yetu yote unaanzia kwenye hicho kidonge: kama huna ubavu wa kuvunja geti, vaa sare ya mtu anayeruhusiwa.

Na malaria inapandaje kichwani kama geti ni kali hivyo?

Hili swali nalipenda sana, na jibu linawashangaza watu. Vimelea vya malaria haviingii kwenye ubongo. Seli nyekundu zilizobeba Plasmodium falciparum zinaganda kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo kutokea upande wa ndani ya damu, mishipa inaziba, ukuta unavimba na kuvuja, ubongo unavimba, mtoto anapoteza fahamu. Kimelea mwenyewe kabaki nje ya geti muda wote, kagoma tu kuondoka getini.

Anayevuka kweli ni mdudu wa malale, yule anayeletwa na mbung'o. Akishavuka matibabu yanabadilika kabisa, kwa miaka mingi hatua hiyo ilitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye aseniki ambayo ilikuwa inaua karibu mgonjwa mmoja katika kila 20 waliopewa, sio ugonjwa, dawa yenyewe. Watu waliitumia kwa sababu dawa zilizokuwepo zamani za hatua ya kwanza hazikuwa zinavuka geti vya kutosha. Sasa kuna fexinidazole, vidonge vya siku 10, iliyofanyiwa majaribio makubwa Kongo, inafika mpaka ndani. Nikitaka kumweleza mtu wa huku kwa nini geti la ubongo ni suala la maisha na kifo siendi kwenye magonjwa adimu ya Ulaya, namtajia malale tu.

DNA ina ukubwa gani mpaka ishindwe kupita?

Twende na hesabu. Plasmidi ya kawaida, kile kiduara cha DNA tunachotumia maabara, tuseme ina jozi 5,000 za besi, yaani herufi zake. Kila jozi inachukua nanomita 0.34, kwa hiyo ukiinyoosha inafika nanomita 1,700. Uzito wake ni kama dalton milioni 3.25, aspirini ni 180, yaani plasmidi moja ni aspirini elfu 18 zilizoshikana. Halafu ina chaji hasi 10,000, mbili kwa kila jozi, na uso wa seli nao una chaji hasi, vinasukumana kama sumaku mbili za upande mmoja. Na ukiiacha uchi kwenye damu enzaimu zinaikatakata ndani ya dakika chache.

Polima inakuja hapo. Ukichukua polima yenye chaji chanya nyingi ukaichanganya na DNA kwenye maji, zinavutana, DNA inajikunja, na ule uzi wa nanomita 1,700 unakuwa kidonge cha nanomita 100 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Huhitaji mashine, unachanganya tu na kusubiri nusu saa, mara ya kwanza nilipoona jeli, ile tunayotembezea DNA kwa umeme, inaonyesha DNA imegoma kutembea kwa sababu imeshafungwa nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Polima gani hizo?

Babu yao ni polilaisini, mnyororo wa amino asidi aina moja, mwaka 1987 Wu na Wu Marekani walishaitumia kupeleka jeni kwenye ini. Inafunga DNA vizuri ila ikishaingia ndani ya seli haitoki kirahisi kwenye kifuko kilichoimeza.

Halafu ikaja polietilenimini, sote tunaiita PEI. Mwaka 1995 kundi la Jean-Paul Behr kule Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba inafikisha jeni kwenye seli kuliko vitu vingi vilivyokuwepo, na mpaka leo ukitengeneza polima mpya lazima uilinganishe na PEI ya dalton 25,000, ndo rula yetu. Maelezo yao ni kwamba ina naitrojeni nyingi zinazonyonya asidi ndani ya kile kifuko, endosomu, maji na chumvi vinaingia kwa kasi mpaka kifuko kinapasuka na mzigo unamwagika ndani ya seli. Watu bado wanabishana kama ndivyo inavyotokea kweli au polima inatoboa kifuko moja kwa moja. Shida yake ni ukatili, hiyo hiyo chaji inayopasua kifuko inachana na ngozi ya seli, inagandisha seli nyekundu za damu, na kwa kuwa haivunjiki mwilini inakaa tu. Kwa lugha nyingine ni dereva mzuri anayegonga watu.

Kutokana na hilo watu wakagawanyika. Kuna wa dendrima, polima yenye matawi kama mti unaogawanyika pande zote, zilianza kubeba jeni mwaka 1993, na kundi la Fudan kule Shanghai mwaka 2007 likazivisha transferini, protini inayobeba madini chuma, zikafikisha jeni kwenye ubongo wa panya kupitia damu. Kuna wa polibeta-amino esta, Lynn na Langer wa MIT walizitoa mwaka 2000, hizi raha yake zinavunjika zenyewe kwenye maji baada ya kazi, na kule Johns Hopkins kundi la Jordan Green limezifanyia kazi sana kwenye saratani ya ubongo ya glioma, ingawa mara nyingi wanazichoma moja kwa moja kwenye uvimbe, yaani geti wamelizunguka.

Na kuna kitosani, ambayo mimi nina mapenzi nayo binafsi. Inatoka kwenye magamba ya kamba na kaa, vile tunavyotupa baada ya kula, unayaosha, unatoa chokaa kwa asidi, unatoa protini kwa soda kali, halafu unaipika tena kwenye soda kali zaidi mpaka kitini inakuwa kitosani. Ni mpole kwa seli na inavunjika mwilini. Kasoro yake haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Siku yangu ya kwanza niliitia kwenye maji yasiyo na asidi nikakoroga masaa mawili, ikabaki inaelea kama chenga za mchele, nikaanza kuilaumu mashine ya kukorogea mpaka dada mmoja wa maabara ya jirani akapita, akaangalia, akasema weka asidi ya siki kidogo we kaka. Ikayeyuka. Tatizo hilo hilo linaifuata mpaka kwenye damu, huko hakuna siki, chaji yake inapungua na mzigo unaweza kulegea, kwa hiyo ukisoma mtu anaitumia kwa ubongo utakuta ameshaibadilisha kidogo.

Sasa kinavukaje geti?

Kwa sare, kama levodopa, ila kwa mlango mwingine. Levodopa inapita kwenye tundu la protini, kibebeo, yaani kile kidonge chetu cha polima na jeni cha nanomita 100, hakiwezi, kinahitaji seli ya ukuta ikimeze upande wa damu, ikibebe ndani yake, ikiteme upande wa ubongo. Ubongo unafanya hivyo kwa vitu vichache, kimojawapo ni ile transferini ya madini chuma. Ukiibandika transferini juu ya kibebeo, kipokezi chake kwenye ukuta kinadhani ni mteja wake wa kila siku.

Wengine wanatumia peptaidi ya kichaa cha mbwa, na hapa lazima watu washtuke. Mwaka 2007 yalitoka majaribio ambapo kipande cha amino asidi 29 tu kutoka kwenye protini ya nje ya kirusi cha kichaa cha mbwa kiliunganishwa na mnyororo mfupi wa ajinini tisa, amino asidi yenye chaji chanya, ajinini zikabeba siRNA, kipande kifupi cha RNA cha kuzima jeni, na panya walioambukizwa homa ya ubongo ya Kijapani wakachomwa kwenye mshipa wa mkia. Karibu asilimia 80 wakaishi, wasiopata wakafa wote. Tangu hapo RVG29, ndo jina lake, imebandikwa kwenye karibu kila polima unayoijua. Hapana, haiwezi kukupa kichaa, ni kama umeng'oa mkono wa mwizi ukabaki na vidole vinavyojua kufungua kitasa, mwizi mwenyewe hayupo. Mimi kinachonichekesha ni kwamba kirusi chenyewe hakitumii njia ya damu, kinatoka kwenye jeraha la mbwa kinapanda kwa kufuata neva mpaka kichwani, ndo maana ukiumwa usoni au shingoni muda ni mfupi zaidi. Yaani tumeiba ufunguo kwa mtu ambaye mwenyewe hapitii mlango huo, na bado unafungua.

Halafu kuna Mjerumani Jörg Kreuter wa Frankfurt, miaka ya 1990 alipaka chembe za polima polisobati 80, sabuni inayotumika hata kwenye aiskrimu, na dawa iliyokuwa haivuki ikavuka. Maelezo ni kwamba ukiipaka sabuni ile, kwenye damu inajivisha yenyewe protini inayobeba mafuta, kwa hiyo ukuta unaiona kama mafuta ya kawaida ya mwili. Yeye hakubeba jeni, ila mlango aliuonyesha.

Ukivaa sare nyingi zaidi unavuka zaidi, si ndiyo?

Hapana, na kama unakumbuka kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu naomba kiwe hiki. Kundi la Mark Davis kule Caltech mwaka 2013 lilionyesha chembe zilizojaa transferini zinashika kipokezi kwa nguvu mpaka zinashindwa kukiachia, zinabaki zimening'inia kwenye seli ya ukuta, hazirudi kwenye damu wala haziingii kwenye ubongo. Zenye transferini ya wastani ndo zilivuka zaidi. Miaka miwili kabla, watu wa kampuni ya Genentech walikuta jambo hilo hilo kwa kingamwili, zinazoshika kwa ulegevu zinavuka kuliko zinazong'ang'ania. Kwa hiyo unaposoma tangazo la kibebeo kipya "kinachoshika kipokezi mara kumi zaidi", usipige makofi haraka.

Kikishavuka kazi imekwisha?

Ndo kwanza imeanza, na hapa ndo roho yangu inapoumia, kwa sababu kila mlango unataka kinyume cha mlango uliopita. Kwenye damu kibebeo kiwe kimefunikwa, hakina chaji ya kuonekana, kinateleza, ndo maana tunakivisha PEG, polima nyingine inayopenda maji, vinginevyo protini zinakiganda na ini na wengu vinakimeza. Kwenye ukuta kishike, lakini kisishike sana. Ndani ya ubongo nafasi kati ya seli na seli ni finyu, zamani ilidhaniwa ni kama nanomita 40 mpaka 60, mwaka 2012 watu wa Johns Hopkins wakaonyesha chembe za nanomita 114 zinapita kama zimefunikwa PEG nzito, kwa hiyo hapo tena kiteleze. Kikifika kwenye seli ya neva sasa inabidi kishikike, PEG ile ile iliyokiokoa inakuwa kikwazo. Kikimezwa kipasue kifuko, na huko wengi wanafia, hata vibebeo vya mafuta vinavyotumika kwa siRNA vilipopimwa mwaka 2013 ni asilimia 1 mpaka 2 tu ya mzigo uliotoka. Na baada ya yote hayo polima iliyoshikilia DNA kwa nguvu safari nzima inatakiwa iiachie.

Bado. DNA inatakiwa iingie kwenye kiini cha seli. Seli zinazogawanyika, za saratani kwa mfano, kiini kinafunguka wakati wa kugawanyika na DNA inachepuka humo, lakini seli ya neva ya mtu mzima haigawanyiki, kiini kimefungwa moja kwa moja na tundu zake ni ndogo. Ndo sababu wengi siku hizi wamehamia mRNA, nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini, au siRNA ambazo zinafanya kazi nje ya kiini, mlango mmoja unapungua. Nadhani wamefanya vizuri, na wanaoendelea kupeleka plasmidi kwenye neva kwa polima inabidi watuambie wanaupitaje huo mlango wa mwisho badala ya kutuonyesha picha za ubongo unaong'aa.

Kwa nini msitumie virusi? Nimesikia vinafanya kazi.

Vinafanya. Zolgensma ni kirusi kilichotolewa uwezo wa kuzaliana, AAV9, kinachomwa mara moja kwenye mshipa kwa watoto wa chini ya miaka 2 wenye SMA, ugonjwa wa misuli kufa kwa sababu neva za uti wa mgongo zinakufa, na kinavuka geti chenyewe. Kilipitishwa Marekani Mei 2019, bei wakati huo ilikuwa dola milioni 2.125. Watoto ambao wasingefika umri wa miaka miwili leo wanakaa, wengine wanatembea. Hakuna polima iliyofanya kitu kama hicho, sitaki kumdanganya mtu.

Ila kirusi kina mipaka. Begi lake linabeba herufi 4,700 hivi za DNA, jeni kubwa haliingii. Mwili ukishakiona mara moja unakikumbuka, dozi ya pili inakuwa ngumu, na mtu ambaye tayari ana kingamwili dhidi yake hawezi kupewa hata ya kwanza. Dozi ni kubwa mno na ini linaumia, mwaka 2022 viliripotiwa vifo viwili vya watoto kutokana na ini kushindwa, Urusi na Kazakhstan. Na kukitengeneza ni gharama. Polima unaipika kwenye chupa, unaipima kwa kilo, inabeba jeni la ukubwa wowote, ukitaka kurudia dozi nafasi ipo. Hiyo ndo hoja yetu yote, na ni hoja ya kiwandani na ya bei kuliko ya ubora, kwa sasa.

Kila mwaka nasoma panya wamepona. Binadamu lini?

Nikupe kisa kimoja cha upande wa virusi kwa sababu kinatuhusu wote. Mwaka 2016 Caltech walitoa AAV-PHP.B, kirusi kilichovuka geti la panya mara nyingi zaidi kuliko AAV9, watu wakashangilia. Wengine wakakijaribu kwa panya wa ukoo mwingine, hakuna kitu. Kwa nyani, hakuna kitu. Mwaka 2019 ikajulikana kinatumia protini iitwayo LY6A iliyoko kwenye mishipa ya panya wa koo fulani fulani, na sisi binadamu hatuna hiyo protini. Geti la panya na geti letu hayana walinzi wale wale.

Upande wa polima, matokeo mengi unayosoma ni ya panya, na wakati mwingine ni ya seli za panya zilizooteshwa kwenye kikombe cha plastiki, ambazo mishono yake ni milegevu ukilinganisha na ubongo halisi, yaani geti lipo ila halijafungwa kufuli. Polima imeshawahi kumbeba siRNA kwa binadamu kupitia damu, hiyo ni kweli, kundi hilo hilo la Davis walianza mwaka 2008 kwa wagonjwa wa saratani kwa kutumia polima ya saiklodekstrini, ila lengo lilikuwa uvimbe, sio kuvuka geti la ubongo.

Ile stori ya kufunga halafu kupewa sukari ni kweli?

Ni kweli, na kwangu ndo kazi nzuri kuliko zote kwenye eneo hili. Kundi la Kataoka, Japani, mwaka 2017 walivisha kibebeo cha polima sukari ya glukosi kwa nje. Panya wakafungishwa masaa 24, wakachomwa kibebeo, nusu saa baadaye wakapewa sukari, kama kufuturu kabisa. Unapofunga, ukuta wa kapilari unapanga milango ya sukari, GLUT1, upande wa damu ikisubiri, sukari ikipanda ghafla ile milango inahamia upande wa ubongo, na kibebeo kilichoishikilia kinahama nayo. Kilifika karibu asilimia 6 ya dozi kwa gramu ya ubongo, wakati vibebeo vingi havifikishi hata asilimia 1. Wakaona pia kwamba ukibadilisha wingi wa sukari juu yake kinaishia sehemu tofauti ndani ya ubongo. Wakati huo kilikuwa kitupu, mwaka 2020 wakakibebesha kipande kifupi cha kuzima jeni.

Mzee mmoja aliniuliza basi akifunga Ramadhani dawa zake zitafika zaidi. Hapana mzee wangu, mlango unabeba kilichovaa sukari tu, vidonge vyako havijavaa, meza kama daktari alivyokupangia.

Kwa nini msilifungue tu geti kwa nguvu?

Inafanyika. Unachoma viputo vidogo kwenye damu, unaelekeza mawimbi ya sauti sehemu moja ya ubongo, viputo vinatetemeka, mishono inaachia kwa masaa kadhaa halafu inajifunga. Hynynen na wenzake waliionyesha mwaka 2001 kwa sungura na sasa imeshafanywa kwa binadamu. Kwa polima ni nafasi nzuri, huhitaji sare. Shida mlango ukiwa wazi unaingiza na visivyoalikwa.

Hii ndo ile tiba ya sikoseli?

Hapana. Ile Casgevy, iliyopitishwa Uingereza Novemba 2023, wanatoa seli za uboho wa mgonjwa nje, wanazihariri maabara, wanazirudisha. Hakuna geti la kuvuka, na hakuna polima.

Naipata hospitali gani? Nina mgonjwa.

Pole sana, na nisikuzungushe: hakuna hospitali yoyote duniani inayotoa tiba ya jeni iliyobebwa na polima kuvuka damu kwenda ubongoni, mpaka naandika hapa hakuna iliyopitishwa. Zilizopitishwa kwa ubongo ni za virusi, kama hiyo Zolgensma, au ile ya upungufu wa AADC, enzaimu ya kutengeneza dopamini, iliyopitishwa Ulaya 2022 na Marekani Novemba 2024, ambayo wanatoboa fuvu na kuichoma ndani kabisa. Mtu akikuuzia "nano ya jeni ya ubongo" ya matone au ya vidonge, mwambie akuandikie kwenye karatasi ni jeni gani na kibebeo gani, utaona anavyobadilisha mada. Na vile vidonge vya kitosani vinavyouzwa kupunguza unene ni magamba ya kamba tu, havina uhusiano na haya.

Mimi ni mwanafunzi, naweza kufanya utafiti huu huku kwetu?

Sehemu kubwa unaweza. Kufunga DNA, kuona kwenye jeli kama imeshikwa, kuangalia kama enzaimu inaikata au la, kupima kama polima inapasua seli nyekundu za damu, vyote hivyo ni vifaa vya chuo cha kawaida, na magamba ya kamba nenda Feri, soko la samaki la Dar, asubuhi utayapata bure wakidhani umechanganyikiwa. Kupima ukubwa wa chembe na kuotesha seli ndo utaomba kwa jirani. Weka PEI kila mara ya kulinganisha. Na ukifika hatua ya kubandika rangi kwenye kibebeo ili ukione kinavyovuka, fanya jaribio lingine la rangi peke yake bila kibebeo, kwa sababu rangi nyingi ni molekuli ndogo, zinachomoka kwenye polima njiani na kuvuka zenyewe, utakesha unashangilia rangi, kinyume kabisa cha kilichomkuta Ehrlich.